Kipimo rahisi cha damu na hatima ya wagonjwa wa saratani ya kibofu Nakuru

SARATANI inapotajwa katika Bonde la Ufa ya kati, fikira za wengi hukimbilia saratani ya umio, ambayo imeziliza familia nyingi katika kaunti za Bomet na Kericho, au zile za matiti, mlango wa uzazi na tezi dume. Saratani ya kibofu cha mkojo hutajwa kwa nadra. Hata jina lake huwachanganya watu, kwani wengi wakisikia neno kibofu hudhani linalozungumziwa ni tezi dume, ile tezi ya wanaume iliyo chini ya kibofu chenyewe.

Kutotajwa huko si dalili kwamba ugonjwa huu hauui. Kulingana na makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), watu wapatao 614,000 walipatikana na saratani ya kibofu duniani mwaka wa 2022, na wengine wapatao 220,000 wakafariki kutokana nayo. Takriban robo tatu ya wanaougua ni wanaume. Nchini Kenya, shirika hilo lilikadiria kuwa visa vipya vya saratani za aina zote mwaka huo vilikuwa 44,726 na vifo 29,317. Kwa maneno mengine, kwa kila Wakenya watatu wanaoambiwa kuwa wana saratani, karibu wawili wengine huzikwa kwa sababu yake.

Ni katika hali hii ambapo utafiti mmoja unaoendelea kwa zaidi ya mwongo sasa katika hospitali za Marekani, Ulaya na Asia unafaa kutazamwa kwa makini na madaktari pamoja na wagonjwa wa Nakuru. Watafiti wanadai kwamba kipimo cha kawaida cha damu, ambacho hufanywa hata katika hospitali za kaunti ndogo, kinaweza kudokeza ni mgonjwa yupi wa saratani ya kibofu atakayeishi miaka mingi baada ya upasuaji na ni yupi aliye hatarini zaidi.

Dai hilo lina uzito, na lina mitego yake pia.

Kipimo chenyewe

Mwili unapojeruhiwa au kuvamiwa na vijidudu, hujibu kwa joto, wekundu, uvimbe na maumivu. Wataalamu huita hali hiyo inflamesheni. Kwa kawaida ni hali njema: ni jeshi la mwili likienda vitani. Hata hivyo, vita visivyokoma huharibu nchi, na ndivyo ilivyo mwilini. Tangu mwaka wa 1863, daktari Rudolf Virchow wa Ujerumani alipoona seli nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani, wanasayansi wamekuwa wakichunguza uhusiano wa mambo haya mawili. Leo inakubalika kwamba inflamesheni ya muda mrefu huisaidia saratani kukua, kujitengenezea mishipa ya damu na kusambaa.

Katika damu, vita hivyo huacha nyayo. Seli nyeupe ziitwazo neutrofili, ambazo ndizo askari wa mstari wa mbele, huongezeka. Limfosaiti, ambazo ndizo zenye uwezo wa kuitambua na kuiua seli ya saratani, hupungua. Daktari akigawanya idadi ya neutrofili kwa idadi ya limfosaiti, anapata uwiano mmoja ulio rahisi kusoma. Mgonjwa mwenye neutrofili 6,000 na limfosaiti 1,500 kwa kila mikrolita ya damu ana uwiano wa 4. Mwenye neutrofili 3,000 na limfosaiti 2,000 ana uwiano wa 1.5. Uwiano ukipanda, ndivyo inavyodhaniwa kwamba mizani imeelemea upande wa ugonjwa.

Kuna nyayo nyingine pia. Chembe za kugandisha damu huongezeka. Protini iitwayo CRP, inayotengenezwa na ini wakati wa inflamesheni, hupanda. Albumini, protini ambayo pia hutengenezwa na ini, hushuka. Kipimo kimoja kilichobuniwa na madaktari wa Glasgow, Scotland, huunganisha hizi mbili za mwisho: mgonjwa mwenye CRP inayozidi miligramu 10 kwa lita na albumini iliyo chini ya gramu 35 kwa lita huwekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi.

Kinachovutia ni kwamba hesabu ya damu haihitaji mashine mpya. Hakuna mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji bila kupimwa damu. Takwimu hizo tayari zimo katika faili yake, zimeandikwa na kusahauliwa.

Ushahidi ulivyo

Mwaka wa 2014, jarida la Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya Marekani lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 100 zenye wagonjwa 40,559 wa saratani mbalimbali. Wale ambao uwiano wao ulikuwa juu, kwa kiwango cha wastani cha 4, walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ile ya wenzao kwa takriban asilimia 80. Mwaka huo huo, madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 899 walioondolewa kibofu kutokana na saratani. Waliokuwa na uwiano wa juu kabla ya upasuaji walielekea kufariki mapema, hata baada ya kuzingatia umri wao na hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia. Tafiti za Japan na Canada zimefikia mahitimisho yanayokaribiana na hayo.

Ili kuelewa umuhimu wa jambo hili, sharti mtu aelewe uzito wa upasuaji wenyewe. Saratani ikiwa bado iko kwenye utando wa ndani wa kibofu, daktari huingiza kifaa chenye kamera kupitia njia ya mkojo na kuikwangua. Ikishazama katika msuli wa kibofu, tiba inayotumiwa sana ni kukiondoa kibofu chote pamoja na tezi za karibu. Mwanamume huondolewa tezi dume, na mara nyingi mwanamke huondolewa mfuko wa uzazi. Kisha kipande cha utumbo hutumiwa kutengeneza njia mpya ya mkojo, na wagonjwa wengi huishi na mfuko wa kukusanyia mkojo uliobandikwa tumboni kwa maisha yao yote.

Hata katika hospitali zenye ujuzi mkubwa, si wote wanaopona. Katika utafiti mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Southern California uliochapishwa mwaka wa 2001 kuhusu wagonjwa 1,054 waliofanyiwa upasuaji huo, takriban thuluthi mbili hawakuwa wamerudiwa na saratani baada ya miaka mitano. Thuluthi moja iliyobaki ndiyo inayowatia madaktari wasiwasi. Kama wangeweza kuitambua mapema, wangewapa wagonjwa hao dawa za kemikali kabla ya upasuaji. Jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2003 lilionyesha kwamba waliopewa dawa hizo kwanza waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 77, ilhali waliofanyiwa upasuaji pekee waliishi miezi 46.

Penye shaka

Hata hivyo, wahenga walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Nyingi za tafiti hizi zilifanywa kwa kufukua faili za zamani, na kila kundi la watafiti lilijichagulia mpaka wake. Wako waliosema hatari huanzia 2.5, wengine 2.7, wengine 3 na wengine 4. Mtu akiruhusiwa kuusogeza mstari baada ya mbio kwisha, haishangazi akimpata mshindi anayemtaka.

Watafiti waliporudi mwaka wa 2017 kuchunguza damu ya wagonjwa wa lile jaribio la Marekani lililochapishwa 2003, ambalo lilikuwa na mpangilio madhubuti tangu mwanzo, hawakupata kwamba uwiano huo ulibashiri nani angeishi au nani angefaidika na dawa. Matokeo hayo hayafuti yale mengine yote, lakini yanatosha kumzuia daktari asiufanye uwiano huu kuwa hukumu.

Kwa msomaji wa Nakuru, kuna shaka nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo inahusu damu yetu wenyewe. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara huzaliwa na neutrofili chache katika damu kuliko Wazungu, na si kwa sababu ni wagonjwa. Mwaka wa 2009 wanasayansi walionyesha kwamba chanzo ni badiliko la jeni lile lile ambalo huwakinga watu wetu dhidi ya aina ya malaria iitwayo vivax. Mtu mwenye badiliko hilo anaweza kuwa na neutrofili 1,500 pekee na akawa mzima wa afya.

Hebu tupige hesabu. Mkulima wa Njoro mwenye neutrofili 1,500 na limfosaiti 2,000 ana uwiano wa 0.75. Saratani ikimfanya apande hadi 2, uwiano wake umeongezeka zaidi ya maradufu. Lakini kwa mpaka wa 2.5 uliochorwa ughaibuni, ataambiwa kwamba yuko salama. Kinyume chake pia chawezekana. Virusi vya Ukimwi hupunguza limfosaiti, hivyo mgonjwa anayeishi navyo anaweza kuonekana yuko hatarini kwa sababu isiyohusiana na kibofu. Malaria ya Marigat, kifua kikuu, au maambukizi yanayoletwa na mpira wa mkojo aliokaa nao mgonjwa kwa wiki kadhaa akisubiri kitanda, vyote huvuruga hesabu hiyo.

Si jambo geni katika eneo hili. Mwaka wa 2008, watafiti walichapisha viwango vya kawaida vya damu vilivyopimwa kwa watu wazima wenye afya huko Kericho, kwa kutambua kwamba viwango vya vitabu vya ng'ambo haviwezi kutwaliwa vivyo hivyo na kuwekwa juu ya mwili wa Mwafrika. Kama viwango vya kawaida vilihitaji kupimwa upya, viwango vya hatari navyo vinahitaji kupimwa upya.

Kinga inayoponya

Ajabu ni kwamba katika ugonjwa huu, inflamesheni hiyo hiyo inayolaumiwa ndiyo pia hutumiwa kuwa dawa. Mwaka wa 1976, daktari Alvaro Morales wa Canada alieleza jinsi alivyotia chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu ambayo huwaachia watoto wetu kovu mkononi, ndani ya kibofu cha wagonjwa wenye saratani ambayo haijazama katika msuli. Chanjo hiyo huamsha kinga ya mwili papo hapo kibofuni, na kinga hiyo huishambulia saratani. Hadi leo BCG ni mojawapo ya tiba bora za hatua hiyo ya ugonjwa, ingawa aina inayotumiwa kibofuni imekuwa ikiadimika duniani mara kwa mara kwa kuwa watengenezaji wake ni wachache.

Ndiyo kusema kwamba si kila dalili ya vita mwilini ni habari mbaya. Muhimu ni nani anayepigana, wapi na kwa muda gani. Uwiano wa seli mbili kwenye karatasi ya maabara hauwezi kueleza yote hayo.

Hali halisi mashinani

Hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH, hupokea wagonjwa kutoka Molo, Gilgil, Subukia na Kuresoi, na pia kutoka kaunti jirani za Baringo, Nyandarua, Kericho, Bomet, Narok na Laikipia. Kituo chake cha saratani, mojawapo ya vitatu vya kanda ambavyo serikali ya kitaifa ilipanga kuanzisha pamoja na vya Mombasa na Garissa, kiliwekwa ili kuwapunguzia wagonjwa safari ya takriban kilomita 160 hadi Nairobi. Hilo lina maana kwa saratani ya kibofu, kwa sababu baadhi ya wagonjwa wanaweza kutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa na kubaki na kibofu chao. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka wa 2012 likiwa na wagonjwa 360 lilionyesha kwamba kuchanganya tiba hizo mbili kulizuia kurejea kwa saratani kibofuni kuliko mionzi pekee.

Lakini kabla ya mgonjwa kufika huko, huwa amepoteza muda. Dalili kuu ya saratani ya kibofu ni damu kwenye mkojo, mara nyingi bila maumivu yoyote. Kwa kuwa haiumi, na kwa kuwa huja na kutoweka, mwanamume huinyamazia. Mwanamke naye huenda kliniki na kupewa dawa za maambukizi ya njia ya mkojo, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, bila mtu kumwangalia kibofu. Tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kuwa wanawake hugunduliwa wakiwa wamechelewa zaidi, japo ugonjwa huwapata wachache wao.

Utafiti wa Pennsylvania wa mwaka wa 2003 ulibaini kwamba wagonjwa waliokaa zaidi ya wiki 12 kati ya kugunduliwa kwa saratani iliyozama msulini na kufanyiwa upasuaji walikuwa na ugonjwa uliosambaa zaidi. Wiki 12 ni miezi mitatu hivi. Mgonjwa anayeuza ng'ombe, anayesubiri majibu ya maabara, kisha skani, kisha nafasi ya upasuaji, anaweza kuimaliza miezi hiyo kabla ya kumwona daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Hakuna kipimo cha damu kitakachomrudishia muda huo.

Kisha kuna fedha. Mnamo Oktoba 2024, Bima ya Afya ya Jamii chini ya mamlaka ya SHA ilichukua mahali pa NHIF. Ilipoanza, familia iliwekewa Sh400,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka kwa hazina ya magonjwa sugu. Kwa saratani inayohitaji dawa za kemikali, upasuaji mkubwa, mifuko ya mkojo ya kudumu na uchunguzi wa mara kwa mara, kiwango cha aina hiyo hufikiwa haraka. Saratani ya kibofu inajulikana kote duniani kuwa miongoni mwa zilizo ghali zaidi kwa kila mgonjwa, kwa kuwa hurejea na humlazimu mgonjwa kukaguliwa kwa miaka mingi.

Hatari iliyopo ni kwamba, panapokuwa na uhaba, kipimo chochote cha ubashiri kinaweza kugeuzwa kuwa chujio. Uwiano wa damu uliokusudiwa kumtambua anayehitaji msaada zaidi unaweza kutumiwa kumwambia mzee wa Elburgon kwamba hana haja ya kusumbuliwa na upasuaji. Hilo halikubaliki, hasa wakati ambapo mpaka wenyewe haujathibitishwa kwa watu wetu.

Lifaalo kufanywa

La kwanza ni kuzitumia takwimu ambazo tayari zipo. Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo cha tiba ambacho wanafunzi wake hufunzwa katika hospitali hiyo ya Nakuru. Si mradi wa mamilioni kuandikisha hesabu ya damu ya kila mgonjwa wa saratani ya kibofu kabla ya tiba, kunukuu kama ana virusi vya Ukimwi, malaria au maambukizi ya mkojo, kisha kufuatilia hali yake kwa miaka mitano. Eldoret na Nairobi zimekuwa na sajili za saratani kwa zaidi ya miaka 20, kwa hivyo njia imeshapasuliwa. Nakuru ikifanya hivyo, itakuwa na jibu lake badala ya kuazima la Mayo Clinic.

La pili ni kukitumia kipimo hicho kama kengele, si kama hukumu. Mgonjwa ambaye albumini yake iko chini na uwiano wake uko juu anahitaji kutazamwa upya kabla ya kisu: je, ana maambukizi yanayotibika? Je, anakula? Je, ana upungufu wa damu? Haijathibitishwa kwamba kuushusha uwiano wenyewe humrefushia mtu maisha. Lakini inajulikana kwamba mgonjwa mwenye lishe duni hupata matatizo mengi zaidi baada ya upasuaji mkubwa, na lishe ni jambo ambalo hospitali na familia wanaweza kulishughulikia.

La tatu ni kinga. Takriban nusu ya visa vya saratani ya kibofu duniani huhusishwa na uvutaji wa tumbaku, kwa kuwa sumu za moshi huchujwa na figo na kukaa kibofuni kwa saa nyingi. Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka wa 2007; utekelezaji ndio unaopwaya. Kemikali zilizotumiwa zamani katika rangi za viwandani na mpira ni chanzo kingine kinachojulikana. Kichocho cha mkojo, kinachosumbua Pwani katika maeneo kama Kwale na Tana River, nacho ni chanzo kilichothibitishwa, na mtu aliyekulia huko kisha akahamia Nakuru kikazi anafaa kumweleza daktari wake. Ama floridi iliyojaa katika maji ya visima vya Nakuru na Naivasha, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa, isichanganywe na aseniki, madini yaliyosababisha saratani ya kibofu nchini Taiwan na Chile. Ni vitu viwili tofauti.

La nne, na ambalo halihitaji maabara yoyote, ni kila mtu mzima kujua kwamba damu kwenye mkojo, hata ikiwa imeonekana mara moja tu na haikuuma, ni sababu ya kwenda hospitalini na kuomba kibofu kichunguzwe. Akipewa dawa na damu ikarudi, asikubali kupewa dawa zile zile tena bila uchunguzi.

Mwaka wa 2019, taifa liliomboleza vifo vya gavana wa Bomet, Joyce Laboso, na mbunge wa Kibra, Ken Okoth, waliougua saratani na kufariki katika mwezi huo huo wa Julai. Wakati huo viongozi waliahidi mengi kuhusu vita dhidi ya ugonjwa huu. Majengo na mashine vimefuata kwa kiasi fulani. Kilichobaki nyuma ni ile kazi isiyokatiwa utepe wala kupigiwa makofi: kumpima mgonjwa mapema, kuandika matokeo yake, na kumfuatilia baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hesabu ya damu ya mgonjwa wa Nakuru imo ndani ya faili yake. Aliye na jukumu la kuifungua na kuisoma hana sababu ya kungoja fedha za wafadhili.